Mirathi kwa Kadhi, kwa mila au kwa sheria ya serikali: nani analindwa wapi?

Matanga yakianuliwa, swali la kwanza huwa "nani anapata nini?" Swali hilo huwa limewahi mno. La kuuliza kwanza ni mali ya marehemu itagawanywa kwa sheria ipi, maana Afrika Mashariki sheria ziko kadhaa na hazifanani hata kidogo.

Tanzania Bara zipo tatu. Ipo sheria ya kimila iliyoandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Ipo sheria ya Kiislamu. Na ipo Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, tuliyoletewa na Waingereza, ambayo Wahindi wenyewe waliiacha zamani wakatunga nyingine mwaka 1925. Sisi bado tunayo. Kenya ilijaribu kuweka kila mtu chini ya mwavuli mmoja kwa Sheria ya Urithi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, lakini mwaka 1990 Waislamu wakarudishiwa hukumu za dini yao. Zanzibar wana Mahakama ya Kadhi yenye nguvu ya dola, pamoja na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana.

Tuchukue familia moja tuipitishe kwenye mizani zote. Marehemu ameacha mke mmoja, mama yake mzazi, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Baba yake alishatangulia. Madeni na gharama za mazishi zimelipwa, imebaki mali ya shilingi milioni 120. Wosia hakuna.

| | Mila (T.S. 436) | Kiislamu | Sheria ya 1865 (Tanzania Bara) | Sheria ya Urithi (Kenya) |
|---|---|---|---|---|
| Mjane | hana fungu | milioni 15 | milioni 40 | vitu vya nyumbani, na kutumia mali iliyobaki maisha yake yote |
| Mama wa marehemu | hana fungu | milioni 20 | hapati | hapati, ila akithibitisha kuwa alitegemea marehemu |
| Mwana wa kwanza | fungu kubwa kuliko wote | milioni 34 | karibu milioni 26.7 | sawa na wenzake, mjane akishaondoka |
| Mwana wa pili | fungu la kati | milioni 34 | karibu milioni 26.7 | sawa |
| Binti | fungu dogo kuliko wote | milioni 17 | karibu milioni 26.7 | sawa |

Watu wengi wakiliona jedwali la namna hii macho yao hukimbilia kwa binti. Mimi hutazama kwanza mstari wa mama. Kati ya sheria nne, ni moja tu iliyomkumbuka bibi aliyemzaa marehemu, nayo ni ile inayolaumiwa mara nyingi kwamba imepitwa na wakati. Sheria ya 1865 inawatazama mke na watoto, na watoto wakiwepo wazazi hawaulizwi. Huko Kenya mama anaweza kuomba atengewe kitu kama mtegemezi, ila lazima aende mahakamani athibitishe kwamba mwanawe alikuwa akimtunza. Kwa Kadhi hathibitishi utegemezi wowote. Sudusi yake, yaani moja ya sita, ni yake hata kama ana nyumba zake tatu za kupangisha.

Tofauti hiyo inatokana na kitu ambacho kila sheria imekusudia kukilinda. Mila inalinda ardhi isitoke kwenye ukoo. Sheria ya Kiislamu inalinda waliobaki dhidi ya utashi wa aliyekufa na dhidi ya utashi wao kwa wao. Sheria zenye asili ya Kiingereza zinalinda kwanza uhuru wa mwenye mali kufanya na chake apendavyo, halafu zinakuja kuziba matundu pale uhuru huo unapomuumiza mtu. Ukilishika hilo, mengi yanayoonekana kama ukatili au upendeleo yanaanza kueleweka, hata kama huyakubali.

Mila: ardhi kwanza

Kwa mtazamo wa mila, shamba si la aliyelala kaburini. Alilikuta, akalilima, akaliacha. Binti ataolewa kwingine, na akipewa sawa na kaka zake, kizazi kijacho nusu ya vihamba vya ukoo vitakuwa mikononi mwa watu wasiozika hapo. Ndiyo maana Tangazo la 1963 liliwapanga warithi kwa madaraja matatu: mwana wa kwanza wa nyumba kubwa (ya mke wa kwanza) daraja la kwanza, wana wengine la pili, mabinti la tatu. Mjane, kama marehemu ana ndugu wa ukoo, hana fungu, na fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao.

Zamani hesabu hiyo ilikuwa na upande wa pili. Mrithi mkubwa alirithi na mzigo: wajane, wadogo zake, madeni ya baba. Tatizo ni kwamba kilichoingia kwenye maandishi kwa nguvu ni haki yake, na mzigo ukaachiwa dhamiri. Leo mwana wa kwanza yuko Dodoma au Dubai, anauza shamba kwa simu, na mama anaambiwa arudi kwao. Hakuna baraza la wazee litakalomfuata huko.

Mahakama zimeigusa sheria hii kwa mikono miwili tofauti. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza aliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa mtu wa nje kwa shilingi 300,000. Mpwa wake alikwenda mahakamani akitaka mauzo yafutwe, kwa kuwa kanuni zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo ila si kuiuza. Jaji akasema ubaguzi huo hauwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke na mwanamume wana masharti mamoja katika kuuza. Angalia alivyofanya: mila hakuifuta. Aliacha haki ya wanaukoo kukomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake, ila ikawa kwa shamba lililouzwa na yeyote, mume au mke. Kwangu mimi hiyo ni hukumu ya fundi anayejua chombo anachokitengeneza.

Miaka 16 baadaye, wajane wawili wa Shinyanga walipoomba kanuni zilezile za 1963 zitangazwe kuwa kinyume cha Katiba, Mahakama Kuu ilikiri kwamba zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta. Hofu yake ilikuwa kwamba ikigusa mila moja, mila zote zitafikishwa mlangoni kwake. Rufaa ikakwama mwaka 2010 kwa kasoro za makaratasi. Wajane hao walikwenda hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imekiuka haki zao. Kwa hiyo anayetegemea Katiba imwokoe na mila ajue kwamba hoja anayo, ila njia ni ndefu na jibu linategemea na jaji.

Nisiidharau mila kabisa. Wazee wanajua mpaka wa shamba ulipokuwa kabla mti haujakatwa. Wanazungumza lugha ya nyumbani, hawadai ada ya kufungua jalada, na kikao ni mwendo wa miguu. Kwa ugomvi wa mpaka au wa nani alichukua ng'ombe wangapi, ningewaendea wao kwanza. Kwa mjane asiye na mtoto wa kiume, hapana.

Kadhi: hesabu isiyopigiwa kura

Uzuri wa faradhi, yaani mafungu ya urithi yaliyopangwa na dini, ni kwamba haisubiri huruma ya mtu. Mjane hupata thumuni, yaani moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Mume aliyefiwa na mke hupata robo au nusu kwa hali hizohizo. Wake wakiwa wawili au zaidi, hugawana fungu hilohilo moja. Mwana hupata mara mbili ya binti. Kabla ya yote hayo hulipwa madeni, na mahari ambayo mke hakulipwa ni deni kama la dukani, hutoka kwanza kabla hata fungu lake la urithi halijatajwa. Wajane wengi huisahau hiyo, au huona haya kuitaja.

Kikao cha familia hakina mamlaka ya kumnyima binti nusu yake. Wala baba mwenyewe hana. Wasia hauvuki theluthi moja ya mali, na haumwongezei mrithi yeyote mpaka warithi wengine waridhie. Mtu akijiuliza binti yuko salama zaidi wapi, ajibu kwa kutazama kijiji chake na asiishie kwenye jedwali. Nusu ambayo kila mtu msikitini anaijua na hakuna wa kuipinga inaweza kumfikia haraka kuliko sawa kwa sawa ambayo kaka zake wataikatia rufaa hadi azeeke. Lakini pale ambapo sawa kwa sawa inatekelezeka, siwezi kumwambia binti kwamba nusu ni bora, na wanaosema kaka hupata mara mbili kwa sababu atamtunza dada wanajua kwamba siku hizi mara nyingi dada ndiye anayemtunza kaka.

Wanaobaki nje ya mlango huu ni watatu. Wa kwanza ni mjukuu ambaye baba yake alikufa kabla ya babu: ami yake akiwa hai, mjukuu hana kitu. Chini ya sheria ya 1865 na ile ya Kenya angechukua nafasi ya baba yake. Wa pili ni mke asiye Mwislamu. Wa tatu ni mtoto wa nje ya ndoa, ambaye humrithi mama wala si baba. Hili la tatu limebadilika Kenya. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtoto kama huyo wa baba Mwislamu asinyimwe urithi kwa sababu ya jinsi alivyozaliwa. Pwani nzima ililijadili, na mjadala bado ni mkali, kwa sababu Ibara ya 24(4) ya Katiba ya 2010 inaruhusu usawa upunguzwe kwa ajili ya sheria ya Kiislamu mbele ya Kadhi, ila kwa kiasi kile tu kinacholazimu. Ugomvi wote upo kwenye kiasi hicho.

Kwa anayeishi Kenya kuna jambo la kushika. Kadhi husikiliza kesi ikiwa pande zote ni Waislamu na zote zimekubali mamlaka yake, ndivyo isemavyo Ibara ya 170. Mmoja akikataa, shauri linaweza kwenda Mahakama Kuu. Wapo wanaodhani wakikimbilia huko watapata mgawo wa Sheria ya Urithi. Marehemu akiwa Mwislamu, jaji wa Mahakama Kuu naye atapiga hesabu ya Kiislamu. Kubadilisha mlango hakubadilishi mafungu, ila hubadilisha ada, lugha ya karatasi na muda. Tanzania Bara nako hakuna Mahakama ya Kadhi ya dola. Kadhi aliyepo chini ya BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, anashauri na kusuluhisha, na mgawo wenye nguvu hutoka Mahakama ya Mwanzo, ambayo hutumia sheria ya Kiislamu yenyewe.

Sheria ya serikali: uhuru wenye bei

Sheria ya 1865 haibagui mtoto wa kike. Theluthi ni ya mjane, theluthi mbili za watoto, sawa kwa sawa, na mjane asiye na uzao wa marehemu hupata nusu. Kwa sheria ya karne ya 19, si haba. Lakini inamwachia mwenye mali uhuru mkubwa: anaweza kuandika wosia akamrukia mke wake mzima mzima. Kenya waliuona mwanya huo wakauziba, kwani mahakama inaweza kuwatengea wategemezi fungu la kutosha hata kama wosia umewasahau. Wasia wa theluthi kwa Waislamu ulikuwa umelitatua tatizo hilohilo karne nyingi kabla, kwa njia nyingine.

Mfano mzuri wa Kenya ni kesi ya Rono iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani Eldoret mwaka 2005. Marehemu aliacha wake wawili, wana watatu, mabinti sita na ekari 192. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wana ekari 30 kila mmoja na mabinti 5 kila mmoja, kwa hoja kwamba mabinti wataolewa. Mahakama ya Rufani ikaukataa mgawo huo: sheria haikusema binti apunguziwe, na kuolewa kwake si sababu. Tangu hapo, kaka anayeleta hoja ya "ataolewa" mbele ya jaji wa Kenya anapoteza muda.

Haki ya mjane kutumia mali maisha yake yote inamlinda asitolewe nyumbani, na hilo ni kubwa. Lakini si mali yake ya kuuza, ardhi haiuzwi bila ridhaa ya mahakama, na watoto wa miaka 50 hujikuta bado wanangoja. Sheria iliandika pia kwamba haki hiyo hukoma mjane akiolewa tena, bila kusema hivyo kwa mwanamume aliyefiwa. Kifungu hicho kimeshapingwa mahakamani kwa ubaguzi wake, na ni haki kupingwa.

Je, unaweza kuchagua?

Ukiwa mrithi, kwa kiasi kidogo sana. Tanzania Bara mahakama hutazama mwenendo wa maisha ya marehemu na nia yake. Alifunga ndoa ya namna gani? Aliishi wapi, alishiriki mambo ya ukoo, alisema nini kuhusu mali yake? Katika kesi ya Innocent Mbilinyi ya mwaka 1969, Mngoni aliyeoa nje ya kabila lake na kuishi mjini mbali na kwao, mahakama iliona alishaachana na maisha ya kimila, hivyo mila haikutumika. Kenya, mwaka 1987, wakili maarufu S.M. Otieno, aliyeishi Nairobi kwa namna ya kisasa na kuoa Mkikuyu, aliamuliwa azikwe na ukoo wake wa Kijaluo dhidi ya matakwa ya mjane. Kesi ile ilikuwa ya mazishi, si ya urithi, lakini inaonyesha kwamba suti na Kiingereza havikutoi kwenye mila kama jaji haoni hivyo.

Ukikosea mlango, unalipa. Tanzania Bara, Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu tu. Ile ya Mkristo inayofuata sheria ya 1865 huanzia Mahakama ya Wilaya au juu yake. Watu hufungua Mahakama ya Mwanzo kwa kuwa iko karibu, wanagawana, wanajenga, kisha mmoja asiyeridhika anakwenda juu na mwenendo mzima unafutwa.

Na kuna mahali ambapo haki hupotea chini ya sheria zote bila kujali jedwali linasema nini, napo ni kwa msimamizi wa mirathi. Nyumba huuzwa na msimamizi, haiuzwi na sheria. Katika familia nyingi kikao cha ukoo humteua kaka mkubwa, muhtasari unaandikwa, jina la mke wa pili au la binti aliyeolewa mbali halimo, hakimu anapokea karatasi iliyonyooka. Kenya mchezo huohuo hupitia kwenye barua ya chifu inayotaja warithi. Kusimamia si kurithi. Bara, kwa mirathi ya Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu, msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ya mgawo ndani ya mwaka mmoja. Mrithi anaweza kwenda masjala ya mahakama kuuliza kama karatasi hizo zimeletwa, na kama hazijaletwa aombe msimamizi aitwe au aondolewe. Hilo halihitaji kujua Kiingereza, na wasaidizi wa kisheria wa wilayani husaidia kuliandika bure.

Uchaguzi wa kweli uko kwa aliye hai. Mkristo au mtu wa mila Tanzania Bara aliye na mke na mabinti, na hataki kanuni za 1963 ziwaguse, aandike wosia sasa na ausainishe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili wasio wanufaika. Wosia wa kimila una masharti zaidi: shahidi mmoja awe wa ukoo na mwingine asiwe wa ukoo, na asiyejua kusoma anahitaji wanne. Mkenya naye anahitaji mashahidi wawili. Wosia wa mdomo kwao hufa ikiwa msemaji ataishi zaidi ya miezi mitatu. Mwislamu mwenye mjukuu yatima amwekee wasia ndani ya theluthi, maana ndiyo njia aliyoachiwa na dini yake. Akitaka binti apate sawa na kaka, atoe hiba, yaani zawadi, angali hai, na hiyo hiba ikabidhiwe kweli, isiwe karatasi ya sandukuni inayozuka siku ya arobaini.

Imebaki familia ambayo haikai vizuri kwenye safu yoyote ya jedwali: mume Mwislamu, mke Mkristo, na wapo wengi kuanzia Tanga hadi Kampala. Kwa hesabu ya Kadhi mke huyu si mrithi. Lakini kwa sababu hiyohiyo ya kutokuwa mrithi, kizuizi cha wasia kwa mrithi hakimgusi, na mume anaweza kumwandikia hadi theluthi nzima. Kwenye mfano wetu wa milioni 120 hiyo ni milioni 40, wakati mke Mwislamu angepata 15. Wakiongeza jina lake kwenye hatimiliki ya nyumba waliyoijenga pamoja, sehemu yake haiingii kwenye mirathi kabisa, na hakuna kikao cha kuijadili.